Mwalimu Aliyekataa Kunyamazisha Onyo

Mwalimu hakulivumilia neno "tu." Ukimwambia umechelewa kidogo tu, alikutazama juu ya miwani mpaka ukatamani ungekaa nyumbani. Jikoni mwa kanisa, kwenye ukumbi tunaokodi hapa Rågsved, pembezoni mwa mji mkuu wa Uswidi, dada mmoja aliwahi kusema maziwa ya kahawa yamechacha kidogo tu. Mwalimu aliinuka, akayamwaga yote kwenye sinki, akarudi kukaa. "Kuchacha kidogo iko kuchacha," akasema, kwa kile Kiswahili chake cha Bukavu ambacho sisi wa Kigoma tulikicheka na kukipenda kwa wakati mmoja.

Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sitazigusa. Yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Watu wetu wakikutana katika mji huu, swali la pili baada ya salamu ni "Unatoka wapi?" na jibu likishatolewa kila mmoja hujiona amekwisha kumjua mwenzake. Mwalimu akiulizwa alijibu, "Ghorofa ya tatu." Kweli alikaa ghorofa ya tatu, sisi ya kwanza, katika jengo moja.

Jina la Mwalimu alikuja nalo. Kwao mama huyu alifundisha hesabu. Hapa alirudi darasani akiwa mtu mzima, akajifunza kuandika programu za kompyuta, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu. Baada ya kustaafu aliendelea bure. Alinieleza hivi: kila kompyuta ina programu ya chini kabisa, ile inayozungumza na vyuma vyenyewe, nayo huitwa kiini. Kiini alichokitumikia yeye kinaandikwa na watu wengi waliotawanyika duniani, ambao hutumiana kazi zao kwa baruapepe na kukosoana bila kuoneana haya. Katika kiini hicho kikubwa, Mwalimu alitunza kipande kimoja kidogo. Kipande hicho kilikuwepo kwa ajili ya mke wangu.

Mke wangu alipoteza macho kwa kisukari tukiwa tumeshafika hapa. Alijifunza kusoma upya kwa vidole, naye alijifunza kwa uchungu, maana alikuwa mtu mzima na ngozi ya vidole ilishakuwa ngumu kwa kazi za usafi. Kisha mzee mmoja wa Kiswidi aliyekuwa anahama alitupa mashine yake ya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona. Ni kibao kirefu, chembamba, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Juu yake kuna vipini vidogo vinavyopanda na kushuka kufanya nukta, safu mbili kwa kila herufi, na mtu husoma mstari mmoja chini ya vidole, akabonyeza, ukaja mwingine. Tatizo ni kwamba kampuni iliyoitengeneza ilikwisha kufungwa, na kompyuta za siku hizi zilikuwa hazielewi mashine ile inasema nini. Mwalimu akaiandikia mkalimani. Hicho ndicho kile kipande chake cha kiini.

Siku ya kwanza vipini vilipopanda, mke wangu alisoma mstari wa zaburi, akarudia.

"Mwalimu, kuna mwingine anayesoma kwa hii?"

"Sijui, Dada. Labda weye peke yako. Labda na mtu fulani kule Brazili."

"Basi nitamwombea huyo wa Brazili."

"Mwombee asiharibu yake," Mwalimu akasema. "Spea hakuna."

Wako wanaouliza kwa nini mke wangu asisomewe na simu. Anaweza. Lakini yeye husema kusomewa si kusoma, na tena ile sauti ya simu inatamka Kiswahili kwa namna inayomfanya acheke Yesu anapolia kaburini. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, hukaa mezani na kibao chake. Mimi niliyesoma chuo cha Biblia na kuhubiri miaka mingi, namshukuru Mungu kwamba mafundisho mengi ninayoishi nayo sasa yamepitia vidoleni mwa huyu mama.

Mwalimu alikuwa mtu wa sala fupi. Akipewa zamu ya kuomba, alimshukuru Mungu kwa mambo mawili, akaomba moja, akasema amina, watu wakiwa bado wanatafuta mahali pa kuinamisha vichwa. Nilimwambia siku moja kwamba sala si simu ya kulipia. Akajibu, "Mzee, Yeye anajua. Mimi niko najikumbusha mimi." Aliimba sauti ya pili vibaya na kwa nguvu. Hakufunga mlango wake kwa ufunguo, jambo lililomtia wazimu binti yake, lakini kompyuta yake aliifunga kwa nywila ndefu kuliko sala zake.

Binti huyo anakaa Hässelby, ule upande wa pili wa mji, ambako treni yetu ya kijani inaishia. Alikuja kila Jumapili jioni. Mama aliongea Kiswahili na Kifaransa, binti akajibu Kiswidi, na walielewana kabisa na hawakukubaliana kabisa.

Masika iliyopita Mwalimu alinipigia simu. "Mzee, panda uje uone aibu yangu."

Nilimkuta mbele ya kioo cha kompyuta, binti yake akiwa kwenye kochi na kikombe cha kahawa. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi mengi meupe, na katikati yake mistari michache ya zambarau.

"Ni kosa?" nikauliza.

"Kosa lingezuia kazi. Hili iko onyo. Kuna programu inaitwa kompaila. Mimi naandika, yeye anatafsiri kwa lugha ya mashine. Akikuta kitu kinamtia mashaka, anakipitisha, lakini anasema."

"Kama nabii."

"Kama nabii. Ila huyu hapigwi mawe. Watu wanamziba tu mdomo." Akajisikia ametamka lile neno, akakunja uso.

Nilimwomba anieleze onyo lenyewe. Alitaja mambo ambayo sikuyaelewa, akayaacha, akaanza upya na milango ya jengo letu. Kila mlango hapa una jina juu ya tundu la barua. Lakini wengi wetu tumekodi kwa mtu aliyekodi, na jina la mlangoni ni la mwenye mkataba. Ghorofa ya pili mlango unasema jina la Mswidi ambaye hatujapata kumwona, na ndani anakaa Mkongomani na watoto wake.

"Mashine yenu ikichomekwa," akasema, "inajitaja jina. Mimi nilitakiwa nilinganishe jina hilo na jina ninalolijua, herufi kwa herufi, nione kama ni mashine ya aina ya zamani au ya mpya. Bon. Sikufanya hivyo. Nimelinganisha mlango na mlango. Nimeuliza: haya majina mawili yanakaa nyumba moja? Kompyuta ikajibu hapana. Ikajibu hapana miaka yote, maana hayawezi kukaa nyumba moja. Nilipashwa nigonge, nitoe watu nje, niwaangalie nyuso."

"Na mbona mashine inafanya kazi?"

"Voilà. Ndiyo aibu yenyewe. Inafanya kazi kwa bahati. Na mimi niliwafokea vijana wa kazini kwa kosa hilihili."

Nilimuuliza kama jambo lililofanya kazi miaka yote haliwezi kuachwa. Akaniambia haliwezi. Kompaila mpya imeanza kuliona, na wasimamizi wa kiini wametangaza kwamba kila kipande chenye onyo kama hilo kitaondolewa katika toleo lijalo. Kikiondolewa, siku tutakayosasisha kompyuta yetu, kibao cha mke wangu kitakuwa ubao wa kukatia vitunguu. Mtu mmoja huko mbali alikuwa amemwandikia kwamba anaweza kuongeza mstari mmoja wa kuiambia kompaila inyamaze, na kazi ikaisha siku hiyohiyo.

"Mamma," akasema binti kutoka kwenye kochi, "det är bara en varning."

"Umesikia?" Mwalimu akanigeukia. "Anasema ni onyo tu. Mtoto niliyemzaa mimi. Tu!"

Binti akacheka, akaweka kikombe chini, na hapo akaacha kucheka. Alikuwa akiuangalia mkono wa kulia wa mama yake. Nami nikauangalia. Ulikuwa umelala pajani, na Mwalimu alikuwa akichapa kwa mkono wa kushoto.

Hapa ndipo penye kitendawili cha mtu huyu, na sijakitegua. Mkono ulikuwa umeanza kufa ganzi kabla ya Pasaka. Ganzi ilimjia kama mchwa, ikaondoka, ikarudi. Binti alimwomba kwa Kiswidi aende kituo cha afya. Mke wangu alimwomba. Nilipanda mimi mwenyewe nikiwa nimevaa koti ili tuondoke pamoja.

"Mwalimu, na hili si onyo?"

"Ni mkono tu, Mzee."

"Umesema tu."

Alitabasamu kwa upande mmoja. "Mkono hauna kompaila. Nikimaliza hiki kiraka, naenda. Nikienda leo watanilaza, na toleo halimsubiri mtu. Weye unajua nani atakosa kusoma."

Maneno hayo niliyabeba kushuka ngazi, nayo yangali kifuani mwangu. Nilimwambia mke wangu. Yeye akapanda peke yake, akishika ukuta, akamwambia Mwalimu kwamba yuko tayari kukosa kusoma maisha yake yote kuliko mtu augue kwa ajili yake. Akarudi akasema, "Amenipa chai. Amenisikiliza vizuri sana. Haendi."

Kiraka, ndivyo wanavyoyaita marekebisho wanayotumiana. Alikimaliza, akashuka nacho nyumbani kwetu kukijaribu. Onyo lilikuwa limeisha, na si kwa kunyamazishwa. Sasa kompyuta ililinganisha majina herufi kwa herufi, na kwa mara ya kwanza ikajibu ndiyo, hii ni mashine ya aina ya zamani. Mke wangu akaweka vidole. Nikamwona anakunja paji la uso.

"Mwalimu, haya si maneno."

Mwalimu alivuta kiti karibu na kioo, akasoma, akapiga meza kwa kiganja. Jibu lilipokuwa hapana miaka yote, programu ilipita njia moja. Sasa jibu ni ndiyo, nayo imeshika njia nyingine, aliyoiandika zamani kwa ajili ya mashine za aina hii, ambayo haikuwahi kukanyagwa hata siku moja. Katika njia hiyo kulikuwa na kosa lingine. Onyo lilikuwa limesimama mbele ya mlango, na nyuma ya mlango kulikuwa na shimo.

"Nitalitafuta," akasema. Na kwa kuwa ilikuwa wiki ya Pentekoste na hakutaka mke wangu akose kusoma, alirudisha programu ya zamani haraka, palepale, kabla vidole havijatulia. Vipini vikapanda sawasawa. Mke wangu akashukuru. Mwalimu akapanda kwake, mkono wa kulia ukining'inia kama kitu alichoazimwa.

Kile kiraka cha kwanza alikituma jioni ile, maana kilikuwa sahihi na siku zilikuwa zimekwisha. Cha pili, cha kurekebisha ile njia mbovu, alisema kitafuata.

Asubuhi moja nilipanda na mkate. Mlango ulikuwa wazi kama siku zote. Alikuwa sakafuni kati ya kiti na dirisha, macho wazi, akijaribu kuniambia jambo, na lililotoka mdomoni halikuwa Kiswahili wala Kifaransa wala Kiswidi. Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Nilimshika mkono wa kushoto, nikaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba. Nilifikiri angeipenda.

Kilikuwa kiharusi. Kutoka hospitali walimpeleka kwenye nyumba ya wagonjwa na wazee huko Vällingby, karibu na binti. Wiki nyingi hakuruhusiwa wageni isipokuwa binti, na binti alitupigia simu, tukaelewana kwa Kiswidi changu kibovu na Kiswahili chake kibovu. Yeye ndiye aliyefungua baruapepe kwenye simu ya mama yake. Akatuambia kiraka cha kwanza kimekubaliwa, wasimamizi wamekishukuru, kipande kimebaki ndani ya kiini. Cha pili hakikuwepo.

Ikawa hivi. Toleo jipya halina onyo. Ukilipitisha kwenye kompaila, linapita kimya, safi, na kila anayelitazama atasema kazi imekamilika. Lakini mashine kama yetu ikichomekwa humo, vipini vinapanda ovyo. Kompyuta ya nyumbani kwetu bado ina lile toleo la zamani, lenye kosa lake na bahati yake. Kila asubuhi inaniuliza kama nataka kuisasisha. Kila asubuhi nabonyeza mahali palipoandikwa "baadaye," na mke wangu anasoma. Mtaalamu mmoja alinitahadharisha kwamba kompyuta isiyosasishwa haina siku nyingi. Na namfikiria yule mtu wa Brazili, kama yupo, ambaye hakujua abonyeze "baadaye."

Siku tuliporuhusiwa, tulipanda treni ya kijani hapa Rågsved na kuvuka mji mzima bila kubadilisha. Mke wangu alibeba kibao mapajani, kimefungwa kwa kanga, mimi nikabeba kompyuta. Alitaka kumsomea Mwalimu. Njia nzima nilijua anafikiri ninachofikiri mimi: Mwalimu atauliza habari za kiraka.

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amepungua, nusu ya uso imelala. Binti alikuwa pembeni anakunja nguo. Mwalimu alitutambua mara moja. Maneno yalimjia moja moja, kama mtu anayetoa vyombo kabatini kwa tahadhari.

"Mzee. Dada. Mmekula?"

"Tumekula, Mwalimu."

Tukazungumza habari za kanisa. Nikamwambia maziwa sasa hayachachi, hakuna anayethubutu. Akacheka upande mmoja. Kisha akanikazia macho.

"Onyo. Limeisha?"

Chumba chote kikawa kwenye ulimi wangu. Binti aliacha kukunja nguo, akanitikisia kichwa taratibu, akiniomba nisimvunje moyo mama yake. Na jibu la kumfurahisha halikuhitaji hata uongo. Onyo lilikuwa limeisha kweli. Mtu angeweza kulinganisha neno langu na ukweli mlango kwa mlango asikute kasoro.

"Limeisha," nikasema.

Alifumba macho, uso ukapumzika. Nilisikia mke wangu akishusha pumzi kando yangu, nami nikajua siwezi kuondoka nyumba ile nikiwa nimempa jibu la namna hiyo, yeye kati ya watu wote.

"Onyo limeisha, Mwalimu, lakini nukta zimevurugika. Toleo jipya halisomeki. Sisi tunatumia la zamani."

Binti akasema jambo kwa Kiswidi, kwa ukali, na macho yake yakajaa. Sikumlaumu. Mwalimu alifumbua macho. Nilidhani nimeona hofu, kisha nikaona ni kule kukunja uso kwake kwa zamani, mbele ya kioo.

"Ziko... vipi?"

Sikuelewa. Mke wangu alielewa.

"Zile nukta, siku ile? Zilikuwa zimegeuka. Za kushoto zimekaa kulia, na za kulia kushoto. Kila herufi."

Mwalimu akamgeukia kabisa. "Kila?"

"Kila herufi. Nilidhani unaona kwenye kioo."

"Kioo hakioni nukta," Mwalimu akasema polepole. "Sikukuuliza. Nilirudisha... haraka. Nilikuhurumia." Midomo yake ilicheza bila sauti. "Bon. Basi si shimo. Iko mstari mmoja wa kugeuza."

Akamwita binti yake kwa jina lake lote, kama shuleni, akamwonyesha kompyuta kwa kidevu. "Keti."

Binti alisimama na nguo mkononi. Si mtu wa programu. Anafanya kazi kwenye duka la miwani. Niliona anavyotaka kusema kwa Kiswidi kwamba inatosha. Akaweka nguo kitandani, akakaa, akavuta kompyuta. Kisha akasema, kwa Kiswahili, akipapasa kila neno:

"Nianze wapi, Mama?"

Mwalimu alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, lilionekana likimjia mpaka machoni. Halafu likapotea. Akajaribu tena, likatoka jingine lisilo lake. Mkono wake wa kushoto ukakunja blanketi. Machozi yakamtoka jicho moja.

Nilikuwa na sala tayari. Nikaiweka kando. Mke wangu alisogeza kiti mpaka magoti yao yakagusana, akautafuta ule mkono mzima, akaukunjua kwenye goti lake. Kwa ncha ya kidole akamgusa kiganjani, nukta kwa nukta, jinsi herufi ya kwanza ilivyopaswa kukaa. Kisha akamgusa jinsi ilivyokuja siku ile, imegeuka. Binti alingoja, vidole juu ya vibonye.

"Tena," akasema Mwalimu.

Mke wangu akaanza tena, upande wa kushoto.